Miguu Chini ya Kiambaza

Bi Chiku alimjua mkwewe kwa miguu tu. Kwa uso hakumjua, na wala asingethubutu kumjua. Kwao Lusewa, mwanamke aliyemtazama mume wa bintiye usoni alihesabiwa kuwa hana haya, na mkwe aliyemwona mama mkwe wake njiani aliingia porini, hata kama porini kuna upupu. Basi kwa miaka mitatu, tangu Longino amwoe bintiye, kila mkwe alipopita, Bi Chiku alijitupia kaniki kichwani akaiona miguu ikipita: mipana, kidole gumba cha kushoto hakina ukucha, visigino vimepasuka. Ungempangia miguu ya wanaume mia moja, angeichagua ya Longino bila kukosea. Lakini moyo wa mtu haukai miguuni, na hapo ndipo taabu yake ilipoanzia.

Ni njaa iliyowaweka chini ya paa moja. Vita vya maji vilikwisha vibaya. Vijana walinyunyiziwa dawa wakaambiwa risasi zitageuka maji, risasi zikabaki risasi, kisha askari wa Mjerumani wakapita kijiji kwa kijiji wakichoma nyumba na maghala pamoja na mbegu. Bi Chiku alitembea siku tano kutoka Lusewa hadi Ruhuwiko, jirani na boma la Songea, kwa bintiye Notburga. Yeye alizidi kumwita Mwanne, jina alilompa mwenyewe, kwa kuwa hilo la Kizungu lilimkwama kooni. Longino alikuwa fundi seremala, amefundishwa na mabruda wa misheni. Alimjengea mama mkwe kiambaza cha matete kutoka ukuta hadi ukuta, ili kila mtu akae na haya yake. Chini ya kiambaza akaacha upenyo wa shubiri moja. Kwa nini aliuacha? Bi Chiku aliliwaza hilo siku tatu nzima.

Mtamwona mama huyu kuwa mbaya. Hakuwa mbaya. Alikuwa na mtoto wa kiume amejificha mlimani, na mwenye siri ya namna hiyo hata kuku akimtazama anaona anapelelezwa.

Mtoto huyo ni Daimu. Alikunywa maji ya dawa, akapigana, akashindwa, na sasa alikuwa ndani ya pango kwenye milima ya Matogoro, akiwasikia askari wakiwasaka wenzake mmoja mmoja. Waliokamatwa walipelekwa boma, na kule kulikuwa na kamba. Kila siku ya tatu Bi Chiku alichukua muo wake akasema anakwenda kuchimba ming'oko, vile viazi vya porini vilivyowaweka watu hai mwaka ule. Ming'oko alichimba kweli. Lakini pindoni mwa kaniki alikuwa amefunga konzi ya unga, na konzi hiyo ilipanda mlimani. Aliyejua ni bintiye peke yake, naye aliapishwa: mumeo asijue. Longino si anatengeneza milango ya boma? Si anaingia na kutoka kule kama kwake? Kikulacho ki nguoni mwako, mwanangu.

Jioni, jua likiegemea, ilikuwa saa ya sala ya nyumbani. Longino aliketi na mkewe na kitoto chao Mektilda, wakasema Baba Yetu, halafu akauliza kama alivyofundishwa misheni, "Siku hii umeifanyia nini?" Kila mtu alitoa maelezo ya siku yake mbele ya Mungu. Notburga alisema nimetwanga, nimefua, nimemgombeza mtoto bure, naomba radhi. Longino alisema nimechonga miimo miwili ya mlango, nimepiga randa ubao, nimemkasirikia mwenzangu kazini. Alisema siku ambayo mtu hajui ameifanyia nini ni siku iliyoibwa. Bi Chiku alisikiliza nyuma ya matete, mikono imekumbatia magoti. Wazungu wana ujanja! Wamemfundisha mtu kujipeleleza mwenyewe.

Jioni moja Longino alisimulia jinsi Yesu alivyoingia nyumbani kwa Petro akamkuta mama mkwe wa Petro kitandani ana homa. Akamshika mkono, homa ikamwacha, mama akainuka akawatumikia.

"Toba!" Bi Chiku alimnong'onezea bintiye kesho yake kisimani. "Huyo Petro alikuwapo anatazama? Mama mkwe kalala, wanaume wanaingia tu mmoja baada ya mwingine? Watu wa wapi hao?"

"Alikuwa mgonjwa, mama."

"Hata akifa! Si wangemwita mwanamke?"

Notburga alicheka. Mama yake hakucheka. Alijiambia, mtu anayefurahia hadithi ya namna ile, kuna mpaka gani atakaouheshimu?

Kisha yakaja mambo matatu, moja baada ya jingine.

La kwanza ni tope. Jioni moja miguu ilipita chini ya kiambaza ikiwa na tope jeusi mpaka vifundoni. Udongo wa boma ni mwekundu, wa Ruhuwiko ni mwekundu, wa njia nzima ni mwekundu. Tope jeusi liko kwenye chemchemi moja tu, ile iliyo chini ya pango la Daimu, na Bi Chiku alilijua kwa sababu hulikwangua miguuni mwake kabla ya kurudi. Jioni ile Longino hakutaja mwimo wala ubao. Alisema, "Leo nimefanya nilichotumwa," akafanya ishara ya msalaba. Kutumwa na nani?

La pili ni chumvi. Notburga alimletea mama yake mboga yenye chumvi. Chumvi, mwaka ule! Watu walikuwa wanachoma majani ya mtoni wanachuja majivu yake wapate ladha. Seremala anapewa chumvi kwa kazi gani?

La tatu ndilo lililomkata maini. Alipopanda mlimani, Daimu alimpokea kwa uso mkunjufu kidogo. "Mama, ile ming'oko uliyoiacha penye chemchemi ilikuwa tamu. Na chumvi umeitoa wapi?"

"Ming'oko gani?"

Daimu akamwonyesha jani la mgomba na uzi uliofungia ming'oko hiyo. Ulikuwa uzi mweupe uliosokotwa vizuri, una madoa ya masizi. Bi Chiku aliufahamu. Ni uzi wa seremala, ule anaoupaka masizi na kuupiga juu ya ubao apate mstari ulionyooka.

Akakaa chini. Panya huwekewa chambo mara ya kwanza, anakula. Mara ya pili anakula, anazoea. Mara ya tatu mtego unafyatuka. "Mwanangu, umeuzwa," alisema. "Kesho jua likipita utosini, askari wakipumzika kivulini, shuka uende bonde la Ruhila. Vuka mto, shika njia ya mashariki. Usiku wa kesho usikukute hapa."

"Nani kaniuza?"

"Wa nyumbani." Hakutaja jina, maana jina la mkwe halitajwi.

Kesho yake Notburga alikwenda kisimani na mtoto mgongoni. Bi Chiku alibaki chumbani mwake akiangalia doa la jua lililopita kwenye tundu la paa likaanguka sakafuni. Doa likifika ukutani, Daimu ataanza kushuka. Alikuwa akiliomba litembee upesi.

Mara akasikia mbio. Miguu ikaingia, ikasimama palepale mbele ya kiambaza, vidole vimemwelekea yeye. Haijapata kutokea.

"Hodi, mama," Longino alisema, anahema. "Nisamehe, Notburga hayupo, sina wa kumtuma. Leo usiende kuchimba bondeni. Askari wanatoka alasiri kulisaka bonde la Ruhila lote, nimewasikia wakipangwa. Na Daimu asitoke pangoni. Mlimani hawapandi, bondeni ndiko."

Jina la mwanawe katika kinywa kile lilimpiga kama kofi. Kumbe wanajua. Sasa wanataka mtoto akae palepale, asisogee, wamkute kama kifaranga kwenye tenga. Akaziba mdomo kwa kaniki.

Lakini kama ni kweli je? Kama ni kweli, basi yeye mwenyewe, mama mzazi, amempeleka mwanawe mikononi mwa askari, na doa la jua linatembea.

"Mama, umenisikia?"

Mama mkwe hasemi na mkwe. Hata mamaye hakusema, wala bibi yake. Akasema.

"Nimemwambia ashuke. Leo. Bondeni."

Longino akasema, taratibu, "Ee Mungu wangu. Naweza kumwahi. Lakini akiniona ananitupia mkuki, au anakimbilia kulekule chini. Nipe kitu atakachokijua."

Hapo ndipo mama wa watu alipokuwa: akimpa, amemkabidhi mtoto kwa mtu asiyemwamini, asipompa, huenda amemuua mwenyewe.

"Pango umelijua tangu lini?" aliuliza.

"Tangu juma ulilofika, miezi minne sasa. Notburga aliniambia."

"Aliapa!"

"Aliapa kwako, mama. Lakini kanisani aliapa kwangu kwanza, kwamba tutakuwa mwili mmoja. Alilia siku nzima ndipo akasema."

"Chumvi?"

"Alinipa bruda nilipomtengenezea meza. Nusu tulikula, nusu Notburga alinituma nimpelekee Daimu. Konzi moja ya unga kwa siku tatu haimweki mtu mzima hai. Mwenyewe unaona."

"Kwa nini hukusema?"

"Kwa mdomo gani?" sauti ya Longino ilikatika. "Wewe na mimi tunasemezana?"

Bi Chiku akatazama sakafuni. Doa la jua lilikuwa limesogea upana wa viganja viwili. Akauliza tena, na tena: nani kamwona akipanda, mabruda wanajua nini, huko boma wamemwambia nini. Mwenye shaka akipata nafasi ya kuuliza hashibi. Longino alijibu yote, huku miguu yake ikikanyagana kwa haraka iliyomjaa.

Mwishowe Bi Chiku akasema, "Ingia nikuone."

"Mama?"

"Siwezi kutoa mtoto kwa miguu. Ingia!"

Longino akasogeza kiambaza akaingia. Bi Chiku akaishusha kaniki kutoka kichwani, akamtazama. Alitegemea kuona mtu mzima, jeuri, mwenye macho ya boma. Alimkuta kijana, mdogo hata kuliko Daimu, jasho linamtiririka, midomo inatetemeka. Alikuwa na hofu. Mwuzaji wa watu anaogopa nini? Na pango amelijua miezi minne. Angetaka kuuza, angekwisha kuuza zamani. Jambo dogo kama hilo, na yeye hakulifikiri hata siku moja.

Akanyoosha mkono wa kushoto. Palikuwa na kikuku cha shaba alichovishwa akiwa mwali, na Daimu alikichezea tangu ananyonya. Akakivuta. Kikagoma kwenye kifundo. Akavuta mpaka ngozi ikachubuka. Mafuta hayakuwamo nyumbani, mafuta yangetoka wapi?

Longino alitia mkono mfukoni akatoa donge la nta, ile anayopaka msumeno wake. Akasita. Kisha akapiga magoti, akamshika mama mkwe wake mkono, akampaka nta pande zote, akakizungusha kikuku polepole mpaka kikatoka. Miguu ikatoka mbio.

Jua lilipokuwa linazama Longino alirudi, amemwegemea mkewe aliyemkuta njiani. Alilazwa kifudifudi kwenye mkeka. Bi Chiku, nyuma ya matete, aliona miguu tu, sasa nyayo zimeelekea juu, zina tope jeusi.

"Daimu mzima," Longino alisema kwa sauti ili ifike upande wa pili. "Nilimkuta ameshafika chemchemi, anashuka. Alikiona kikuku akalia. Amerudi pangoni."

"Na wewe mgongo?" Notburga alikuwa analia.

"Nilikutana na askari njia panda, ndiyo kwanza wanafika. Wakauliza natoka wapi huko mlimani wakati wa kazi. Wakanichapa viboko hamsa ishirini." Akajaribu kucheka, akashindwa. "Ni kidogo tu. Ningetangulia kidogo tu, ningekuwa nimepita."

Kidogo tu. Bi Chiku alikijua kipimo cha hicho kidogo. Ni upana wa viganja viwili vya doa la jua na vile vilivyofuata, maswali yake yote, moja baada ya moja.

"Tusali," Longino alisema.

"Baba Mektilda, leo lala tu."

"Tusali. Siku ni siku." Wakasema Baba Yetu. Notburga alitoa ya siku yake. Longino akatoa yake: "Leo nimedanganya. Nimewaambia askari natafuta mti wa mninga. Naomba radhi, ingawa kesho wakiniuliza nitasema vilevile."

Ndipo kiambaza kikasogea. Bi Chiku alitoka na bakuli la maji ya moto, kichwa wazi, na Notburga akashika mdomo. Mama akapiga magoti kando ya mkeka.

"Na mimi nina siku," alisema. Hakujua sala inaanzia wapi, basi akaanzia alipoweza. "Miezi minne nimekushitaki moyoni mwangu, baba, kila siku, chakula chako kikiwa mdomoni mwangu. Leo nimekuuliza maswali mpaka nikakupigisha viboko. Ndicho nilichoifanyia siku yangu."

Longino aligeuza uso kwenye mkeka akamtazama. Alitaka kusema kitu, Bi Chiku akamkataza kwa mkono, ule mkono mtupu usio na kikuku.

Akachovya kitambaa kwenye maji, akakikamua. Mgongo ule hakuweza kuutazama bado. Akaanza na miguu, kwa kuwa ndiyo aliyoizoea.