Bwana Harusi wa Makumbusho

Elamine aliporudi kutoka Ufaransa na kukabidhiwa makumbusho ya sanaa ya Mahajanga, alirudi na kichwa kilichojaa mipango. Uhuru ulikuwa bado mbichi, na kila mwenye cheo alitaka aonekane anafanya jambo. Jengo lilikuwa kubwa, ghala la zamani la wafanyabiashara lililopakwa chokaa upya, kumbi juu na kumbi chini. Maonyesho ya kwanza yalikuwa picha za Wazungu wakila matunda, hatukwenda. Ya pili yalikuwa ya nguo na vinyago vya bara, tulikwenda kwa sababu waligawa soda. Ndipo akatangaza ya tatu: Harusi za Pwani. Na siku ya ufunguzi pangefungwa harusi ya kuigiza, mbele ya mkuu wa mkoa.

Mie naitwa Chamsia, na mdomo wangu Mahajanga nzima wanaujua. Nyumbani tunasema Kikomoro, sokoni Kimalagasi. Kiswahili hiki ninachotumia kuwasimulia nilikipata kwa bibi yangu. Kwa Kikomoro, basi, nilimwambia Elamine kwamba harusi haiigizwi. Akacheka, akaniita mtu wa zamani.

Awe bibi harusi, Elamine alimtaka Hayrat, mtoto wa marehemu dada yangu, ambaye nimemlea mimi. Hayrat alikuwa ameposwa na Fazul, karani wa forodha, kijana mpole asiyejua hata kugombana na kuku, na harusi yao ya kweli ilikuwa karibu. Msichana mwenyewe alifurahi. Kuvaa dhahabu mara mbili, nani angekataa? Baba yake, shemeji yangu Athoumani, akakubali kukaa kama walii. Fazul akakubali kuwa shahidi.

Aliyekosekana ni bwana harusi. Kwetu kijana havai joho la harusi kabla ya siku yake, na Fazul hakutaka hata kuligusa. Elamine akaleta sanamu ya mbao, ile ya washonaji ya kuvalishia nguo, akaikalisha kwenye zulia na kuivika joho lenyewe.

Joho hilo lilitoka kisiwa cha Nosy Be, kijiji cha Ambanoro, nyumbani kwa Bibi Koultoum. Mwanawe Msaidié alikuwa amevuka kwenda bara kununua vitu vya harusi yake. Watu walimwona kwenye bandari ya Antsahampano akipakia mizigo kwenye chombo cha kumrudisha kisiwani. Baada ya hapo hakuonekana tena, yeye wala chombo. Miaka ilipita, na mama yake hakukubali asomewe hitima. Joho alimwazima Elamine kwa sharti moja, kwamba liwekewe kadi yenye jina la mwenyewe, kama mtu aliye safarini.

Kila Mwislamu anajua kwamba ndoa haina mzaha. Ukimwoza mtu kwa utani, umemwoza. Fundi Madi, mwalimu wa msikiti wetu, alilijua hilo kuliko sisi sote, lakini mkuu wa mkoa alikuwa anakuja na Fundi alipenda kuonekana. Akatafuta njia akaipata.

"Tutasoma ya kweli mpaka walii amwoze binti yake," akatuambia. "Kukubali, hakuna wa kusema qabiltu. Mti hausemi. Basi hakuna ndoa."

"Mti huo umepewa jina la mtu," nikamwambia.

Akanipungia mkono kama anayefukuza nzi.

Siku ya ufunguzi, baada ya alasiri, ukumbi wa chini ulijaa. Hayrat alikaa nyuma ya pazia, juu ya kitanda cha Nosy Be, uso umepakwa msandali. Athoumani akakaa mbele ya sanamu na kuushika mkono wake wa mbao, kama walii anavyomshika mkwewe. Fundi Madi akawa anamtamkia maneno, naye anayafuata. Nimekuoza binti yangu Hayrat, ewe Msaidié wa Mouhamadi. Hakuna aliyemtuma Fundi alitaje jina lile. Lilikuwa limeandikwa kwenye kadi mbele ya sanamu, na ulimi wake haukuzoea kumwoza mtu asiye na jina.

Wageni wakaweka mikono tayari kupiga makofi.

"Qabiltu," ikasema sauti.

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa ya mwanamume aliyechoka, mwenye kikohozi kifuani, na ilitokea chini, usawa wa watu waliokaa kwenye zulia. Mkuu wa mkoa akapiga makofi, na wageni wake wakamfuata. Katika watu wetu hakuna aliyepiga. Nilimwona Athoumani akivuta mkono wake, ukakataa, akauvuta tena. Ulipotoka ulikuwa umelowa. Akaunusa, akaufuta kwenye kanzu, kisha akanyanyuka na kwenda kumtoa binti yake nyuma ya pazia bila kumuaga mtu.

Elamine alitafuta mchekeshaji ukumbi mzima. Aliwauliza mpaka wapishi. Fazul ndiye aliyemkatiza. "Mimi ni shahidi," akasema. "Nilikuwa nimekaa pembeni yake. Nimesikia."

Kesho yake Fundi Madi alikuja kwetu, kilemba kimekaa ovyo. Akasema Hayrat ni mke wa mtu. Hawezi kuolewa na Fazul mpaka mumewe amwache, au mpaka mama wa mumewe akiri kwamba mwanawe amekufa. Nilimwambia maneno ambayo si ya kumwambia mwalimu wa dini, na aliyapokea yote.

Mambo yangeishia kwenye fedheha tu, tungevumilia. Lakini asubuhi moja Hayrat aliniita chumbani kwake. Upande wa pili wa kitanda shuka lilikuwa limelowa, kipande chenye urefu wa mtu. Niliangalia dari, ilikuwa kavu. Niliweka kidole ulimini, nikaonja chumvi. Nilibadilisha shuka, nikafunga dirisha, nikasoma nilichojua kusoma. Asubuhi iliyofuata maji yalikuwepo tena, yamesogea upande wake. Siku ambayo Hayrat aliamka na mkono wa nguo yake umelowa, niliacha kusubiri ushauri wa wanaume. Niliogopa mno, na mie nikiogopa huwa nashika njia.

Mimi na Hayrat tulipanda lori hadi Antsahampano, tukavuka na tishari. Hayrat alikaa katikati, mbali na kingo, akiangalia miguu yake. Ambanoro tulifika adhuhuri. Bibi Koultoum alitupokea vizuri, mwanamke mdogo wa umbo, mnyoofu, masikio yake makali kiasi kwamba nilipomnong'oneza Hayrat mlangoni avue viatu, alinijibu yeye kwamba tusijisumbue.

Nilimweleza yote. Nilitegemea atalia. Badala yake alishika mashavu yake kwa mikono miwili, akacheka.

"Kwa hiyo yu hai," akasema. "Amekubali kwa mdomo wake."

"Bibi, tumekuja kukuomba useme..."

"Nimejua mlilokuja kuniomba. Silisemi." Akamshika Hayrat mkono. "Mke wa mwanangu, karibu kwako."

Akamwingiza kwenye chumba cha ndani. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, mito imepambwa. Nilitaka kumkaripia nikashindwa, maana furaha ile ilikuwa ya kweli, na sikuwahi kuona uso uliofurahi nikauogopa hivyo.

Hayrat hakukaa kitandani. Alisimama katikati ya chumba, akazungumza na upande usio na mtu, kwa adabu, kama mtu anavyozungumza na kaka yake mkubwa.

"Kaka Msaidié, mimi sikukutaka, na wewe hukunijua. Nina mtu wangu. Tafadhali niache."

Kile kikohozi nilikisikia kwanza. Kilikuwa karibu sana, kati yangu na ukuta. Kisha sauti ikasema, "Nimekuacha," na chumba kikawa chumba tu. Hayrat alishika mkono wangu mpaka kucha zikaniingia.

Bibi Koultoum alikuwa anatutazama mmoja mmoja.

"Mbona mmestuka hivyo?"

"Amejibu, Bibi," Hayrat akasema. "Ameniacha."

"Lini?"

"Sasa hivi. Hapa."

Yule mama akainamisha kichwa kusikiliza. Alisikiliza kwa muda mrefu. Uani kuku alikuwa anaparua, na jirani alikuwa anatwanga.

"Na mimi?" akauliza. "Amesemaje juu yangu?"

Hayrat alinitazama. Nilimwomba kwa macho aseme lolote, amzulie salamu. Lakini mtoto yule nimemlea mimi, na kusema uongo hajui.

"Hakusema zaidi, Bibi."

"Hata kunisalimu?"

"Hata kukusalimu."

Bibi Koultoum alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeelezwa jambo likamwingia.

"Basi amekufa," akasema. "Mwanangu akiwa hai hawezi kuingia nyumba hii, akazungumza na wageni, akatoka bila kunipa mkono."

Akaniomba nimshike akae chini, na hapo ndipo alipoanza kumlilia.