Wahakiki Wawili wa Mwalimu

Kamati ya chuo ilimpa daktari wa mifugo jarida la kukagua, na kwa bahati mbaya lilikuwa jarida la mwalimu wake. Likiondolewa kwenye orodha ya majarida yanayotambuliwa, makala zake hazitampandisha mhadhiri yeyote cheo, na nani atahangaika kuandika bure? Litakufa tu. Aliwaambia wenzake kwamba mhariri alimfundisha yeye. Wakacheka. Nani kati yao hakufundishwa na mzee yule?

Akaomba maoni ya wahakiki. Kanuni inataka kila makala isomwe na watu wawili, kila mmoja kivyake. Mhakiki wa kwanza alikuwa mkali kama pilipili. Wa pili alikuwa mpole, anasifu hata majedwali. Lakini iwe makala ya minyoo ya kondoo au ya homa ya ndama, wote wawili walichomeka swali lile lile: mnyama mlimpima kwa mzani au kwa macho? Swali hilo daktari alilisikia darasani kwa mzee mpaka akalikinai. Kesho yake akaenda kwa mzee.

Alimkuta kwenye meza ya chakula, sahani zimesukumwa pembeni kupisha makala.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kunisalimia au kunikagua?"

"Wahakiki wako ni akina nani?"

Mzee hakujiumauma. "Ni mimi. Asubuhi mkali, jioni mpole. Zamani nilikuwa nao wa kweli, wakawa hawajibu barua. Kazi za watu zilale hapa mwaka mzima?"

"Na yangu, ile ya mbuzi?"

"Na yako."

Daktari alitaka kucheka, akashindwa. Ile ilikuwa makala yake ya kwanza. Mhakiki mkali alimrudisha zizini kupima mbuzi wote upya, naye akamlaani kwa kila jina. Yule mpole alimwandikia asikate tamaa, na maneno yale ndiyo yaliyomzuia kuacha kazi. Miaka yote alimpenda mtu yule bila kumjua.

Akatoa ripoti yake mkobani. Alikuwa ameiandika kwa kupapasa: jarida lina upungufu kiasi katika uhakiki. Mzee akavaa miwani, akasoma, akapigia neno moja mstari.

"Kiasi gani? Kamati itaelewa nini hapa?"

"Itaelewa kwamba nakuheshimu, Mwalimu."

"Hiyo si taarifa. Andika upya, hapa hapa."

Akaandika: makala zote huhakikiwa na mhariri mwenyewe, jarida halikidhi vigezo. Machozi yalimtoka, wala hakujisumbua kuyaficha. Mzee akasoma polepole, akasahihisha mkato mmoja, akamrudishia karatasi.

"Sasa imepita," alisema, akaanza kukusanya makala zilizokuwa mezani ili awarudishie wenyewe.