Baada ya Mtondogoo

...na hiyo miaka thelathini inahesabiwa kuanzia leo au kuanzia Januari, mwezeshaji wa semina hakusema, alisema tu fumbeni macho, mmeamka asubuhi, miaka thelathini imepita, mnaona nini, mnasikia nini, andikeni kwenye kadi, mna dakika tano, kisha akabonyeza saa ya simu yake akaanza kupita kati ya meza na raba zake nyeupe zisizo na kishindo, na wasoma mita wote wa kampuni ya maji, watu wazima na mvi zao, wamefumba macho kama watoto wa chekechea, isipokuwa Mama Mita, yeye kafumba moja, la pili linaitazama kadi ya njano iliyo tupu na kalamu yenye nembo ya tone, anapiga hesabu, hamsini na moja na thelathini ni themanini na moja, ataamka kweli asubuhi hiyo, au ndiyo atakuwa kalala ule usingizi usioamshwa, basi aandike nini, naona udongo?... toba, mtu hajiombei hayo. Pembeni yake Baba Pacha, msoma mita wa mitaa ya juu, ananong'ona macho yakiwa yamefungwa, "Mimi naona nimejilalia kitandani, mita inakuja yenyewe kunisalimia," na meza nzima inacheka kwa pua, na mwezeshaji naye, binti mdogo anayeweza kuwa mwanawe wa pili, anacheka, "Andika hivyo hivyo, kaka, usifute," na Baba Pacha anaandika kweli, huyo, kwa mzaha hajambo, lakini jana jioni getini alimuuliza kwa sauti nyingine kabisa, dada, hivi sisi wanatutupa au hawatutupi?

Na mita yenyewe hiyo hapo, katikati ya meza, mpya, nyeupe, imepita mkono kwa mkono tangu asubuhi, na kila aliyeishika aliigeuza chini juu akitafuta kile kigurudumu chekundu, kile kinachozunguka maji yakipita, hakipo, haina gurudumu, haina mshale, ina kijidirisha tu, kadiri ya ukucha wa mtoto, na kila saa, amesema mwezeshaji, kila saa moja usiku na mchana inatuma namba yake makao makuu, haihitaji kusomwa, inajisoma, na Mama Mita aliposikia hivyo miguu yake yenyewe ilishtuka chini ya meza, miguu ya miaka ishirini na sita ya kutembea na kitabu na mwavuli, inayojua kila ngazi na kila mbwa, maana kusoma mita si kusoma namba, namba hata kasuku atasoma, yeye anasoma nyumba, nyumba ya uniti nane ikiruka hadi kumi na tano ujue nepi zinafuliwa humo, ikishuka ghafla ama mtu kasafiri ama watu wameachana, na wakati mmoja alimpa bwana mmoja hongera ya ugeni, "Naona mwezi huu mmepokea wageni," kumbe bwana mwenyewe mwezi mzima alikuwa safarini, "Wageni gani?"... lo, siku hiyo alijifunza kuufunga mdomo wake kama koki. Sasa kitu hiki kitajua yote hayo, na si kwa mwezi, kwa saa, saa ambayo watu wanaamka, saa ambayo mgonjwa anaenda msalani mara ya tatu, saa ambayo mtoto anaogeshwa, mji mzima unapumua na mtu mmoja ameketi mahali anauona unavyopumua, jamani, nywele za mkono zimemsimama, ni uoga au ni nini huu, si uoga, ni kama siku ile alipopandishwa mara ya kwanza juu ya tangi kuu, akauona mtaa wake wote kwa mara moja na akashindwa kuipata nyumba yake. "Kumbukeni," mwezeshaji anasema akipita nyuma ya viti, "hatutabiri. Mganga ndiye anayetabiri. Sisi tunawaza tu. Likija hili tutafanyaje, likija lile tutafanyaje. Na kati ya yote, lipi tungependa lije." Lipi tungependa... hakuna aliyewahi kumuuliza hilo kazini, huwa anaulizwa mbona kitabu kimeloa.

Baada ya mtondogoo, Mwalimu? Sauti yake mwenyewe, ya darasa la tatu, kumbe bado ipo humo kichwani, nyembamba vile vile, na ubao, na Mwalimu na chaki mpaka kwenye nyusi, anaandika kutoka juu kwenda chini, leo, kesho, kesho kutwa, mtondo, mtondogoo, darasa zima linaimba, mtondo ni siku ya tatu kutoka leo, mtondogoo ni ya nne, na yeye kanyoosha kidole, "Na baada ya mtondogoo, Mwalimu?" na Mwalimu akacheka, akafuta mikono kwenye suruali, "Baada ya hapo wazee hawakuacha neno. Wamewaachia nyinyi." Siku nne tu, wazee waliziona siku nne mbele wakazipa majina, ya tano wakaiacha bila jina, na binti huyu wa raba nyeupe anataka miaka thelathini kwa dakika tano... na Mwalimu, hapana, asimfikirie Mwalimu sasa, yuko kazini, yuko kwenye semina, kuna chai saa nne, lakini Mwalimu akishaingia hatoki, Mwalimu mstaafu, mjane, nyumba ya kona, mita yake iko nje ya ukuta, hatua tatu kabla ya geti, na ndiyo ubaya wa mita kuwa nje, unaisoma bila kumwona mtu. Kila mwezi alikuwa akiisoma kisha anapiga hodi, anamkabidhi karatasi mkononi, "Karibu, Mtondogoo," hivyo ndivyo alivyokuwa akimwita, mzee yule, tangu darasa la tatu, na kila mwezi saa moja asubuhi kigurudumu chekundu kinazunguka kwa sababu saa moja Mwalimu anamwagilia maua yake, mtu wa saa, ungeweza kurekebisha saa ya redio kwa maua yale. Isipokuwa asubuhi ile, mvua ilikuwa inanyesha... hapana, ilikuwa inanyunyiza tu, usiikuze mvua ili ikubebee lawama... aliinama, gurudumu limesimama, akaliona limesimama, saa moja na dakika kumi, akaliona na moyo ukasema ehe, na mguu ukasema twende, zimebaki nyumba arobaini, nani humwagilia maua siku ya mvua, atakuwa kaenda kwa mpwa wake, akachomeka karatasi kwenye geti, na kwenye kitabu, kwenye ule mstari ambao wasoma mita wote hujaza mtu asipoitikia hodi, akaandika HM. Hamna mtu. Hodi hakupiga.

Siku ya kwanza Mwalimu alianguka bafuni, jioni, daktari ndiye aliyesema. Kesho yake hakuna aliyejua. Kesho kutwa hakuna aliyejua. Mtondo, yeye huyo, na kitabu, na mwavuli, hatua tatu. Mtondogoo mpwa wake akafika akavunja mlango, na daktari akasema mzee alikata roho usiku wa kuamkia siku hiyo, maana yake asubuhi ya mtondo alikuwa hai, amelala kwenye sakafu akisikia mvua, huenda akisikia na kitabu kikifungwa, miaka miwili sasa na Mama Mita hajamwambia mtu, alibeba maua mazikoni, alilia, watu wakasema jinsi anavyompenda mwalimu wake. Na hiki kitu, anakivuta karibu, kizito kuliko kinavyoonekana, hiki kingejua kesho yake tu, saa moja asubuhi maji hayajatoka, saa mbili hayajatoka, hadi saa nne kingekuwa kimeshatuma sifuri nne, bila mvua, bila nyumba arobaini, bila miguu inayobishana na moyo, ee Mungu wangu, kitu kidogo hivi, na yeye tangu asubuhi amekinunia kama mke mwenza... Lakini subiri. Sifuri inafika makao makuu, halafu? Inafika kwenye chumba chenye kioo kikubwa, kuna mtu kaketi, ana nyumba elfu arobaini, si arobaini, elfu arobaini, anaiona sifuri, moyo wake unasema ehe, na mkono wake unaandika nini? Anaandika HM. Haraka kuliko Mama Mita, na bila kuloa. Kumbe kinaweza kuona kila kitu, kitu hiki cha ajabu, ila hakina mkono wa kugonga geti, na wenye mikono wamo humu chumbani wamefumba macho wakidhani wanatupwa, na miaka thelathini mbele kuna asubuhi, ndiyo, anaiona sasa, macho yote mawili wazi na anaiona, yeye ana themanini na moja, yuko peke yake kwenye sakafu, maji hayajatoka, na nje, hatua tatu, kuna viatu, vinasimama, vinasogea, na sauti ya mtu asiyemjua inaita...

"Bado dakika moja," mwezeshaji anasema, yupo nyuma yake, raba zisizo na kishindo, anainama juu ya bega lake. Kwenye kadi ya njano kuna herufi mbili, mkono wa Mama Mita umeziandika wenyewe kwa mazoea ya miaka ishirini na sita. "HM," binti anasoma kwa upole. "Ndiyo nini hii, mama?" Baba Pacha anafumbua macho, anajiandaa kumjibia, kila msoma mita anajua HM, na Mama Mita anamshika mkono anyamaze.

"Hamna mtu," anasema, na sauti inamtoka nyembamba, ya darasa la tatu. "Niliandika hamna mtu. Mtu alikuwemo."