Huyu Akizungusha, Yule Anarudisha

Hapana, gari lenyewe halikuwa na ubaya. Bodi nzima, viti vizima, hata redio ilikuwa inaimba. Injini ndiyo ilikufa, wakaweka nyingine iliyotoka kwenye gari lililopinduka. Sasa tabu ikaanzia hapo, maana mafundi walikuwa wawili, na wawili wenyewe ni mtu na mkwewe.

Baba mkwe watu walimwita Fundi Lori. Maisha yake yote kayamaliza uvunguni mwa malori. Mkwewe ni fundi wa pikipiki, kijana mpole, ana adabu mpaka inamdhuru. Gari ni la mke wa huyo kijana, binti wa Fundi Lori, mkunga. Alikuwa kapata kazi zahanati ya ng'ambo ya mlima, aanze kesho yake asubuhi. Basi la abiria haliendi huko. Gari lisipopanda mlima, nafasi anapewa mwingine, alishaambiwa waziwazi.

Injini ya petroli, bwana, inataka cheche ipige kwa wakati wake. Ikiwahi, injini inagonga. Ikichelewa, nguvu hakuna, inachemka tu. Kwa hiyo unalegeza distributa, ile inayogawa cheche, unaizungusha kidogo, kidogo kabisa, mpaka ikubali.

Fundi Lori alitega kwa taa yake ya taiming, ile inayomulika kila cheche ikipiga, akiangalia alama kwenye puli, lile gurudumu la mbele linalovuta mkanda wa feni. Akasema, "Basi. Hapo hata aliyeiunda hatoi kosa." Wakaenda mlimani. Katikati gari likaanza kuhema kama ng'ombe mzee, likasimama. Wakarudi kinyumenyume.

Kijana alijua kwa nini. Lakini utamwambiaje baba mkwe kwamba taa yake inadanganywa? Mzee alipoingia ndani kunywa maji, akalegeza nati haraka haraka, akaiwahisha cheche kwa kusikiliza, akakaza, akajifanya anafuta kioo. Wakapanda tena. Safari hii nguvu ipo, ila inagonga kama kokoto kwenye sufuria. Mzee akasema turudi, mtaua injini.

Naye mzee alishajua kuna mkono umepita. Hakutaka kumwaibisha mkwe mbele ya mkewe. "Mwanangu, niletee kitambaa kule nyuma." Kijana kugeuka tu, mzee akairudisha kwenye alama. Mzee kwenda kunawa, kijana akaizungusha. Jua likahama ukuta huu likaenda ule, wao wamo tu, na kila mmoja anamwitikia mwenzake "ndiyo baba", "sawa mwanangu."

Mama mkwe alikuwa dirishani jikoni, anaona yote. Akashindwa kujizuia.

"We mkunga! Njoo uwaone baba yako na mumeo! Huyu akizungusha, yule anarudisha, kama watoto wanaogombea shuka!"

Mkunga akatoka. Hakucheka.

"Baba, nisipofika kesho sina kazi. Na wewe, mume wangu, usiniangalie viatu. Kama kuna neno, litoke sasa hivi."

Kijana jasho likamtoka mpaka masikioni.

"Baba, unisamehe. Ile puli si ya injini hii. Yake ilipinda kwenye ajali, nikafunga ya injini ya zamani kwa sababu iliingia. Alama yake haiwezi kuwa ya kweli."

"Ulijua tangu asubuhi?"

"Nilijua."

"Na mdomo ulikuwa umemwazima nani?"

"Nilikuogopa, baba."

"Uliniogopa! Mimi nakuona unachokonoa nyuma yangu, nakaa kimya kwa kukuogopa wewe!" Mzee akatikisa kichwa. "Na hiyo nayo si pikipiki. Zile kokoto hukuzisikia?"

"Nilizisikia," kijana akakiri.

Mama mkwe alishika ukuta kwa kicheko.

Basi wakaanza upya, waitafute alama ya kweli. Wakatoa plagi ya kwanza. Kijana akaziba tundu kwa kidole mpaka pumzi ikamsukuma, akatumbukiza kijiti chembamba kikae juu ya pistoni. Mzee akawa anazungusha injini kwa spana, taratibu.

"Kinapanda, baba. Kinapanda. Kimesimama. Ah, kinashuka, rudisha kidogo."

"Msimharakishe," mkunga akasema. "Mnanikumbusha kazini."

Hapo ndipo wote wakacheka. Pistoni ilipokaa juu kabisa, mkunga akaleta rangi yake nyekundu ya kucha, mzee akachora alama mpya kwenye puli. Kutoka ile ya zamani ilikuwa mbali upana wa kidole gumba. Mzee akaitazama sana. Akachukua tupa, akaisaga ile ya zamani isije ikamdanganya mwingine. Halafu akampa mkwe taa. "Tega wewe. Mimi nashika distributa."

Mlimani walikwenda wote, hata mama mkwe na aproni yake. Gari likapanda. Halikugonga, halikuhema, likapita pale liliposimama asubuhi kama halipajui. Kule juu, paa la zahanati likaonekana bondeni. Mkunga akamshika mumewe bega.

"Mh," mzee akasema.

"Sema, baba," mkunga akamwambia.

"Nasema limepanda."

Waliporudi walinawa kwa sabuni ya unga, na weusi wa grisi ukabaki vilevile kwenye kucha. Mama mkwe akafunua vyungu. Kijana alikuwa anatafuta pa kujibanza mwishoni mwa meza, mzee akamvutia kiti.

"Kaa hapa karibu yangu, niwe naiona mikono yako."

Akakaa. Na wengine wakakaa, wakala.