Makala Iliyomnyang'anya Mama Jembe

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, mtaani sina hili wala lile. Mbinga mjini ndiyo kwanza imepata intaneti kafe, na jenereta lake linanguruma kuliko malori ya wale wanunuzi binafsi wa kahawa. Tulishinda pale, mimi na rafiki yangu Meshack, mtoto wa Mbaha kule ziwani.

Mwalimu Adrian wa historia akatukuta. Parokia ina jubilei, akatafuta kwenye ensaiklopidia ya mtandaoni makala kuhusu watu wetu wakati wa mkoloni, akaichapisha.

"Ipimeni. Ikifaa, Jumapili naibandika ukumbini. Isipofaa mniambie kwa nini. Msiniletee 'ni nzuri, mwalimu.'"

"Ni nzuri, mwalimu," Meshack akasema hapo hapo. "Ina miaka, ina ramani, ina marejeo."

Na kweli ilikuwa nzuri, mpaka nilipofika kwenye ngolo, yale mashimo yetu ya shamba la mlimani. Imeandikwa wanaume wa Kimatengo ndio waliochimba, wanawake wakafuata nyuma wakipanda.

Nikaiweka mezani.

Kwetu Kitura baba alikuwa anafyeka, analaza majani mistari mistari, inakatana kama nondo za dirisha. Basi, anawasha sigara, kazi yake imeisha. Anaingia mama na jembe, anachimba katikati ya kila mraba, kwa udongo huo anayafunika majani, linabaki shimo. Mvua ikinyesha maji yanalala humo, hayateremki na shamba. Mimi nilikuwa najilaza kwenye shimo alilomaliza, naona mawingu tu. "Toka humo," ananiambia, "hujafa bado." Alitangulia yeye, nikiwa kidato cha pili.

"Sentensi moja tu, Urbani!" Meshack akaona nanuna. "Tena inawasifu nyinyi wanaume wa Kimatengo."

"Mama yangu yumo kwenye sentensi hiyo. Wamemnyang'anya jembe. Halafu akina mama waliochimba naye waje waisome kanisani?"

Mwalimu akakuna kidevu. "Wao wametaja kitabu, wewe unataja mama. Niletee neno la mtu mzima aliyeifanya kazi hiyo."

Mtu mzima mwenyewe ni baba, na baba tangu msiba alikuwa hamtaji mama, wala halazi majani. Shamba la ngolo limeota nyasi mpaka kifuani. Jioni nikampa karatasi, naogopa. Akasoma polepole, midomo inacheza. Mara akacheka, kicheko nilichokuwa nimekisahau kabisa.

"Mimi? Mimi Bernadi nichimbe? Mama yako angesikia hii angenifukia humo humo!"

"Kwa hiyo si kweli, baba?"

"Mwambie mwalimu wako, mimi nililaza majani. Aliyechimba ni Devotha."

Jina la mama, mara ya kwanza tangu msiba.

Jumapili makala ikabandikwa, sentensi ile imekatwa kwa kalamu nyekundu, maneno ya baba yameandikwa pembeni. Akina mama walijazana pale, wanasukumana viwiko, wanacheka.

Kesho yake alfajiri baba akanigongea. "Amka. Maharage hayasubiri. Chukua jembe."

"Mimi, baba?"

"Kuna mwingine humu ndani?"

Akafyeka, akalaza. Mimi nikachimba, kingo za shimo zimepinda kama njia ya mbuzi. Wanawake wanaopita wanaita, "Hodi mama Urbani!" Meshack alikuja kutushangaa.

"Shikamoo mzee. Naona sasa makala imekuwa kweli! Tukafute masahihisho?"

"Marahaba. Yaacheni," baba akajibu. "Huyu hachimbi, anakwaruza."

Nilipomaliza la kwanza nikashuka, nikajilaza humo, magoti juu maana sienei tena. Mawingu yale yale.

"Toka humo," baba akasema. Akataka kuongeza neno, hakuongeza. Akaenda kufyeka mstari mwingine.