Katobi Juu ya Meza

Jumatatu asubuhi Éphraïm alipita jikoni kwa mlango wa nyuma, akachukua machicha ya kahawa ya wageni wa jana, akayatandaza kwenye bati ili yakauke juani. Yakikauka vizuri yanafanana kabisa na udongo wa Masisi, mweusi na mzito kwa macho, na hayanuki tena kahawa. Kwa kutandika chini ya reli ya treni ya kuchezea alihitaji kokoto ndogo. Hizo hazikumsumbua, maana Goma imekaa juu ya mawe ya volkano, na nyuma ya hoteli alipata ya kujaza ndoo. Aliyaponda kwa nyundo, akayachekecha kwa chujio la chai.

Hoteli ilikuwa Himbi, karibu na ziwa, na mwenyewe alikuwa Papa Henri. Treni aliachiwa na injinia mmoja mgeni aliyeondoka haraka: katoni yenye reli, kichwa cha treni, mabehewa sita na kisanduku cha umeme chenye kitufe. Tangu uwanja wa ndege ufungwe wageni walikaa hotelini siku nyingi bila kitu cha kutazama. Henri aliagiza meza kubwa, akaiweka sebuleni, halafu akamtafuta mtu wa kuipamba.

Aliyepatikana alikuwa Éphraïm, mwenye miaka hamsini na tisa. Alifundisha jiografia miaka ishirini na sita katika shule moja ya Masisi ambayo ilikuwa na atlasi moja tu, kwa hiyo alizoea kuwatengenezea wanafunzi milima ya plasta. Vita vilimtoa huko. Alikaa kambini Kanyaruchinya, na kambi ilipovunjwa akahamia Keshero kwa binti yake Héritière, aliyeshona nguo.

"Muzee, unifanyie milima ya Masisi," Henri alimwambia. "Yenye nyasi na ng'ombe. Mutu akikunywa kahawa yake, aone kitu cha kupumzisha macho."

"Kilima gani?"

"Yoyote. Yote inafanana."

Éphraïm alikijua kilima kimoja tu kiasi cha kukitengeneza bila kupima, nacho ni Katobi, alikozaliwa. Alikata ngazi za frigolite, ile nyeupe nyepesi inayokuja na televisheni, akazibandika moja juu ya nyingine. Akazifunika kwa karatasi za mifuko ya simenti zilizolowa gundi, kisha plasta. Alipaka unga wa mbao rangi za kijani za aina nne, kwa sababu nyasi za Katobi upande wa asubuhi si sawa na za upande wa jioni. Mikaratusi aliitengeneza kwa vijiti na sponji iliyokatwakatwa. Milima ya nyuma aliipaka rangi ya samawati iliyofifia, ili jicho lidanganyike kwamba iko mbali. Alichimba njia ya kwenda kwenye chemchemi. Kisha, bila kuulizwa, akaweka nyumba kumi na nne, ndogo kama viberiti, kila moja mahali pake. Watu hakuweka. Alijaribu mmoja kwa waya na nta, mikono ikachoka, akaacha.

Plasta ilipokauka, ukungu ulianza kushuka Katobi ya mezani kila asubuhi, ukakaa hadi saa tatu. Wiki iliyofuata ikaja mvua. Joyeuse, msichana wa mapokezi, ndiye aliyemwambia.

"Papa, kule kwako kunanyesha."

"Tangu saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Ndiyo saa yake," Éphraïm alisema, akaenda kutafuta beseni.

Henri alitaka kujua kama rangi itatoka. Éphraïm alimwambia haitoki, ameweka vanishi. Henri akaridhika, ila akaamuru zulia lisogezwe.

Mwisho wa mwezi moshi ulitoka kwenye nyumba tatu, kesho yake kwenye zote. Watu walitoka nje. Mtu mzima alikuwa na urefu wa sentimita mbili, na kila mmoja alikuwa na kazi. Waliopalilia walipalilia, waliochunga mbuzi walichunga. Mama Sylvie, mgeni wa chumba cha tano aliyefanya kazi katika shirika moja la misaada, aliinama juu ya meza na daftari lake, akahesabu taratibu.

"Ménages kumi na nne," alisema, akimaanisha kaya. "Bako na jetons za musaada?"

"Hawana," Éphraïm alijibu. "Waliziacha kambini."

"Basi kwetu bado hawako." Alisema kwa upole, kama mtu aliyelisema neno hilo mara nyingi wiki hiyo, akafunga daftari na kwenda kula.

Éphraïm alimwona mkewe, Wivine, siku ya Alhamisi, katika shamba la maharagwe juu ya chemchemi. Miaka mitatu kabla ya hapo, walipokuwa kambini na chakula kimekatwa, Wivine aliondoka na wanawake wengine sita kurudi Katobi kuvuna walichokuwa wamepanda. Wawili walirudi. Hawakuweza kusema wengine wamelala wapi, kwa sababu walikuwa wakikimbia. Éphraïm na Héritière walifanya matanga bila mwili. Sasa alikuwa pale, na kitambaa chake cha njano kichwani, anang'oa maharagwe na kuyapanga kwa mafungu.

"Wivine," Éphraïm alimwita.

Aliinua kichwa, akatazama juu, akaanza kukusanya maharagwe haraka. Watu wengine wakaanua nguo kwenye kamba. Sauti ya Éphraïm ilikuwa imewafikia kama ngurumo. Tangu siku hiyo hakusema tena kwa sauti karibu na meza.

Alimleta Héritière Jumamosi. Binti alisimama muda mrefu, mkoba mkononi.

"Mama amekonda," alinong'ona.

"Kule hakuna mafuta."

Héritière alilaza mkono wake kwenye mteremko, kiganja juu, mbele ya njia ya mama yake. Wivine alifika, akakigusa kiganja kwa ncha ya jembe kama mtu anayepima udongo, akaona hakilimiki, akakizunguka na kwenda zake. Héritière aliutoa mkono. Palikuwa na alama ndogo nyekundu katikati, kama ya sindano. Nyumbani hakuipaka dawa.

Baada ya hapo alikuja kila Jumamosi. Hakuna aliyemkataza, kwa kuwa alikuwa anashona pia mapazia ya hoteli.

Henri alileta karatasi mwanzoni mwa msimu wa kiangazi. Aliitandaza kwenye meza nyingine na kuibana kwa vikombe. Ilikuwa ramani ya mpimaji, yenye mihuri.

"Muzee, kumbe ulinifanyia Katobi."

"Ndiyo."

"Hii Katobi ni yangu. Nilinunua mwaka jana, certificat ya ardhi iko. Kwenye plan hakuna nyumba hata moja. Angalia."

Éphraïm alivaa miwani. Mistari ya mwinuko ilikuwa imechorwa vizuri, na kama mwalimu hakuona kosa ndani yake. Chemchemi ilikuwepo, na jina lake lilikuwa limeandikwa sawasawa. Mahali pa nyumba kumi na nne paliandikwa malisho.

"Nani alikuuzia?"

"Mutu mwenye alikuwa na karatasi."

"Nyumba ya pili kutoka juu ni yangu," Éphraïm alisema. "Ile ya bati."

Henri aliitazama nyumba ya pili kutoka juu. Mtu alikuwa anafagia mbele yake.

"Pole, muzee," alisema, na pole hiyo ilikuwa ya kweli. "Mimi sina ubaya na batu. Lakini Jumapili ijayo Bwana Namegabe anakuja. Ni mutu wa jibini, anataka kuweka ng'ombe zake kwangu. Barabara ya kule haipitike, kwa hiyo ataangalia ferme, shamba lenyewe, hapa, kwenye meza. Akiona nyumba atauliza, na mimi nitamujibu nini? Toa nyumba. Weka malisho."

"Na watu?"

"Karatasi haisemi batu."

Jioni, Keshero, Héritière aliweka sahani ya sombe, majani ya muhogo yaliyopikwa, mbele ya baba yake na hakuketi.

"Papa, utabomoa nyumba ya mama na mikono yako?"

"Nikikataa ataita Lévi, yule wa kupaka rangi. Atakuja na spatula. Hajui nani analala wapi."

"Wewe unajua, na utabomoa."

"Mimi nitaanza na nyumba ambazo hazina mutoto mudogo," Éphraïm alisema. "Nitaenda polepole. Na mbele ya yote nitawafanyia gare, pa kupandia treni."

Héritière akaketi. Walikula. Baadaye alimuuliza kama gare itakuwa na paa, na baba yake akasema ndiyo, kwa sababu ya mvua ya saa tisa.

Aliijenga siku mbili, chini ya kilima, kwenye kona ambapo reli inapinda. Jukwaa lilikuwa la simenti ya kweli, paa la bati la kopo la maziwa, na benchi mbili. Aliandika KATOBI kwenye kibao kwa kalamu nyembamba. Siku ya tatu aliweka ng'ombe kumi na wawili wa plastiki kwenye mteremko wa juu, kama alivyoagizwa. Hakugusa nyumba yoyote. Alitaka kuwapa nafasi ya kuona.

Waliona. Hakuna aliyelia wala kukimbia. Walianza kukunja magodoro na kuyafunga kwa kamba, na walifunga vizuri, fundo chini na fundo juu, kazi ya watu waliowahi kuifanya. Walishusha milango ya mbao. Mzee mmoja aling'oa mche wa ndizi pamoja na udongo wake na kuufunga kwenye gunia. Hadi saa nane mchana walikuwa wote chini, kwenye jukwaa, wamekalia mizigo yao. Éphraïm alikileta kichwa cha treni polepole, akakisimamisha. Walipanda bila kusukumana. Ndani palipojaa, vijana walikaa juu ya mabehewa. Wivine alipanda behewa la tatu, jembe begani, sufuria mkononi, akakaa mlangoni, miguu nje.

Kisha Éphraïm alizitoa nyumba moja moja kwa kisu chembamba, akaziweka katika sanduku la viatu, akajaza mashimo kwa plasta na kuyafunika kwa unga wa mbao wa kijani. Alifanya kazi safi. Hata yeye, akirudi hatua tatu nyuma, hakuona mahali zilipokuwa.

Alikuwa amesahau jambo moja, au alilijua na hakutaka kulifikiria. Reli ilikuwa duara. Treni ilipita chini ya mikaratusi, ikaingia katika handaki, ikatoka upande wa ziwa, ikazunguka mlima wa nyuma, na baada ya dakika tatu na sekunde arobaini ikafika kwenye gare iliyoandikwa KATOBI. Mara ya kwanza watu wengine walishuka na mizigo. Walitazama kilima, wakatazama ng'ombe, wakasoma kibao, wakapanda tena. Mara ya nne hakuna aliyeshuka.

"Ongeza reli," Héritière alimwambia baba yake Jumamosi.

"Haiko. Katoni imeisha."

"Papa Henri anunue."

Aliombwa. Alisema meza yenyewe imefika ukutani.

Bwana Namegabe alikuja Jumapili baada ya misa, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Alikizunguka kilima mara mbili, akauliza juu ya maji, akaonyeshwa chemchemi. Mvua ilinyesha saa tisa juu ya ng'ombe, naye akafurahi, akasema nyasi zitakuwa nzuri hata kiangazi. Alipiga picha. Treni ilipopita aliinama.

"Na hawa?"

"Wasafiri," Henri alisema.

"Wengi sana."

"Ndiyo, siku hizi batu wanasafiri."

Walikubaliana palepale, wakapeana mikono juu ya Katobi. Joyeuse alileta jibini na mkate.

Treni ile ilitengenezwa kwa ajili ya kuchezewa kidogo, haikutengenezwa kuzunguka kutwa nzima na mizigo. Katikati ya kiangazi mota ilianza kunuka. Henri hakutaka iungue, kwa sababu wageni walikuwa wameizoea. Alimpa Éphraïm kazi ya kudumu ya kuisimamia, pamoja na kiti na koti lenye jina la hoteli, na akamwambia aisimamishe dakika kumi adhuhuri na dakika kumi jioni, ipoe. Si zaidi, kwa sababu treni iliyosimama haipendezi.

Katika dakika hizo kumi wanashuka. Wanawasha moto jukwaani juu ya mafiga matatu, wanaosha watoto, wananyoosha miguu. Wengine wanalala palepale kwenye simenti. Wale vijana wa juu ya mabehewa wanaanika nguo zao zikauke. Wivine anapikia behewa lake lote, na anapakua kwa wengine kwanza.

Jumamosi moja jioni, Héritière akiwa amesimama nyuma ya kiti, dakika kumi ziliisha na sufuria ilikuwa haijachemka. Éphraïm alisubiri. Dakika ya kumi na mbili Henri alitoa kichwa ofisini, akamtazama, akatazama saa ya ukutani, akarudi ndani. Jukwaani hakuna aliyepiga filimbi wala kuita. Wivine alionja kwa mwiko, akatikisa kichwa, akamwaga maji juu ya moto. Aliishika sufuria kwa kitambaa chake cha njano, ikiwa bado ya moto, akapanda, akakaa mlangoni, akaiweka katikati ya magoti ili isimwagike. Wengine wakapanda nyuma yake.

"Papa," Héritière alinong'ona, "wamekaa."

Éphraïm alibonyeza kitufe.