Kivuko Kilichopinda cha Doña Hermelinda

Jumatatu asubuhi tulikuta kivuko cha waenda kwa miguu mbele ya kibanda cha Doña Hermelinda cha mikate ya mahindi iitwayo arepa, mahali ambapo Jumamosi hapakuwa na kitu. Efraín, askari wa trafiki, akaja kuuliza nani kakichora.

“Mimi,” alisema Doña Hermelinda.

“Mbona kimepinda hivi, mama?”

“Hebu kifuate uone.”

Efraín alikifuata polepole. Mistari ilikwepa shimo, ikakwepa mtaro, ikatokea pale ambapo dereva anayeshuka kilima humwona mtu mapema. Akatazama juu kilimani, akacheka.

“Nani kakufundisha?”

“Miaka arobaini navuka hapa, mwanangu. Uoga umenifundisha.”

Wiki iliyofuata Efraín alirudi na rangi ya manispaa, akakipaka upya bila kukinyoosha.